Chuo Kusajiliwa Si Jibu

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu, naomba kujua kama chuo hiki kimesajiliwa." Baada ya salamu inakuja picha: cheti ndani ya fremu, nembo juu, muhuri chini, sahihi isiyosomeka. Anayeuliza ni mzazi aliyekwisha kukopa kwenye kikoba, au kijana wa kidato cha nne ambaye matokeo yametoka na hataki kukaa nyumbani akihesabu magari. Zamani ujumbe huu ulikuja kwa msimu. Siku hizi unaingia mwaka mzima.

Jibu la swali hilo mara nyingi ni ndiyo, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Swali ambalo tapeli anaweza kulijibu kwa kusema kweli halimkingi mtu. Nimekutana na vijana wengi waliouliza kabla ya kulipa, wakajibiwa ndiyo, wakasoma, wakamaliza, wakapigwa picha na joho, kisha mlangoni kwa mwajiri wakaambiwa karatasi waliyobeba haifungui kitu. Hawakuwa wazembe. Walifundishwa na sisi wakubwa wao kuuliza swali lisilo na meno.

Tuanze na hicho cheti cha kwenye fremu. Sehemu kubwa ya picha ninazotumiwa hazihusu mafunzo hata kidogo. Ni cheti cha BRELA, wakala wa serikali anayesajili majina ya biashara na kampuni. Anayefungua duka la nguo, saluni au kampuni ya kupulizia dawa ya mende hupita huko huko. Cheti hicho kinathibitisha kwamba jina lile lina mwenyewe. Hakuna ofisa wa BRELA aliyekwenda kuangalia kama karakana ina mashine au kama mkufunzi amewahi kushika mashine hiyo kazini. Pembeni yake inatundikwa TIN ya TRA, inayoonyesha kwamba mlipakodi ana namba, na leseni ya biashara ya halmashauri, inayoonyesha kwamba amelipia kufanya biashara pale. Karatasi zote tatu ni halali na zote zimetoka serikalini. Zikipangwa pamoja ukutani pale mapokezi, mzazi anaona amefika mahali pa uhakika. "Tumesajiliwa na serikali," anaambiwa, na kwa kweli hajadanganywa. Hakuuliza wamesajiliwa kufanya nini.

Wanaojua zaidi huuliza kama chuo kimesajiliwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Hilo nalo limepitwa na wakati. Kwa sheria ya mwaka 1994 iliyoianzisha, VETA ilikuwa na kazi mbili: kufundisha katika vyuo vyake yenyewe, na kusajili na kusimamia vyuo vya ufundi stadi vya watu wengine. Mwaka 2021 kazi ya pili ilihamishiwa kwenye baraza lililokuwa likiitwa NACTE, likawa NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. VETA ikabaki mtoa mafunzo. Kwa hiyo chuo cha mtu binafsi kinachokuonyesha leo cheti cha VETA cha mwaka 2012 kinakuonyesha historia yake. Inawezekana ni chuo kizuri kilichohuisha usajili wake huko unakotakiwa kuwa sasa. Inawezekana pia usajili ulikufa zamani na kilichobaki ni fremu. Huwezi kujua kwa kuitazama picha, na mimi pia siwezi, hata ukinitumia mara tatu.

Sasa chukulia chuo kimesajiliwa NACTVET, jina lipo kwenye orodha, kila kitu safi. Bado hujauliza la maana, kwa sababu chuo kinaruhusiwa kufundisha fani fulani na kwa ngazi fulani, si chochote kitakachomjia mwenye chuo kichwani. Chuo kilichoruhusiwa kufundisha ushonaji hakipati uwezo wa kufundisha maabara ya tiba kwa kuwa kimepanga chumba cha pili. Nimeona bango lenye kozi zaidi ya ishirini, kuanzia upishi hadi uuguzi msaidizi, kwenye nyumba ya vyumba vitano. Mwenye chuo alikuwa na usajili kweli, lakini wa fani mbili.

Na ngazi ni suala zito zaidi ya fani. Ufundi stadi una ngazi tatu za tuzo ya taifa, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Juu yake zinaanza ngazi za ufundi, kuanzia ya nne, na stashahada ni ngazi ya sita. Aliyemaliza kidato cha nne akiingia ngazi ya nne, hufika stashahada kwa miaka mitatu hivi. Aliyemaliza kidato cha sita hufika kwa miwili. Ukiona tangazo la "diploma ya miezi sita", hakuna haja ya kunitumia picha. Iite jina lolote, stashahada ya mfumo wetu haipatikani kwa miezi sita. Jaribio lake ni rahisi na linaumiza: mhitimu wa stashahada anayetaka kwenda chuo kikuu lazima apate namba ya uthibitisho wa tuzo, ile AVN, kutoka NACTVET. Kama matokeo yake hayajawahi kuingia kwenye mfumo wa baraza, namba haitoki. Watu hugundua hili siku ya kuomba nafasi chuo kikuu, baada ya miaka ya ada, na mwenye chuo hapokei simu.

Kuna pia habari ya tawi. Usajili hufuata mahali palipokaguliwa. Chuo kilichokaguliwa mjini kikiwa na karakana nzuri hakihamishii sifa hiyo kwenye fremu mbili za maduka kilizokodi nje ya mji na kuziita kampasi. Ukitaka kujua, uliza usajili wa jengo ulilosimama ndani yake, si wa jina lililoandikwa kwenye fulana.

Kisha cheti chenyewe. Vyuo vingi hutoa karatasi mbili za aina tofauti, na wanafunzi hawaambiwi tofauti yake mpaka mwisho. Moja ni cheti cha chuo: umehudhuria, umemaliza, mkuu wa chuo ametia sahihi. Nyingine ni tuzo ya taifa, inayotokana na mtihani usiotungwa na chuo na kusahihishwa na mkufunzi wako peke yake. Cheti cha chuo si haramu. Kozi fupi za wiki chache za kupamba keki, kutengeneza sabuni au kutumia programu ya hesabu huishia kwenye cheti cha aina hiyo, na kwa mtu anayetaka ujuzi wa kufungua biashara yake kinamtosha kabisa. Kosa ni kumuuzia mtu cheti cha kuhudhuria kwa bei ya tuzo ya taifa. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: mwisho wa kozi hii nitafanya mtihani wa nani, na namba yangu ya mtahiniwa itatolewa na nani? Wakianza kuzunguka, chukua begi lako uondoke.

Na hata haya yote yakikaa sawa, bado unaweza kuwa umepotea. Usajili huhakikisha kiwango cha chini siku ya ukaguzi. Hauhakikishi kwamba mashine iliyokaguliwa bado inafanya kazi, kwamba vifaa vya mazoezi vinanunuliwa kila muhula, au kwamba mkufunzi bora hajahamia mgodini kwenye mshahara mnono. Ndiyo maana kuna vyuo viwili vyenye usajili ule ule, kozi ile ile, mtaala ule ule, na wahitimu wa kimoja wanagombewa wakati wa kingine wanazunguka na bahasha.

Baada ya usajili, imani inayonichosha zaidi ni ya "cheti cha kimataifa". Hii nitaisema kwa fani yangu ya uchomeleaji, maana ndiko inakouzwa sana tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ulipoanza kuzungumzwa. Kilomita 1,443 za bomba, kila kiungo kikichomelewa: vijana walisikia hesabu hiyo na matapeli waliisikia pia. Matangazo yakaanza. Wiki moja, cheti cha kimataifa cha uchomeleaji wa mabomba, ajira kwenye mradi. Bei yake ingeweza kumlipia mtu ada ya kozi ndefu ya ufundi kwa miaka kadhaa.

Nieleze jambo hili linavyokwenda, kwa sababu aliyelielewa hatauziwa tena. Vyeti vya kweli vya uchomeleaji vipo, na viwango vyake vinajulikana duniani. ISO 9606 ni kimojawapo. Lakini cheti hicho hakisemi kwamba fulani ni mchomeleaji wa kimataifa. Kinasema kwamba fulani, siku fulani, alichomelea kipande fulani cha chuma, cha unene fulani, kwa njia fulani, akiwa katika mkao fulani, na kipande hicho kikapimwa kikafaulu. Kupimwa maana yake ni kukatwa, kukunjwa mpaka kionyeshe kama kina ufa, au kupigwa picha ya mionzi ili mashimo ya ndani yaonekane. Ukifaulu kwa bati la chuma lililolazwa mezani, huna ruhusa ya kuchomelea bomba lililofungwa kwa mshazari, ule mkao ambao mafundi wa mabomba wanauita 6G, ambamo unalizunguka bomba lisiloweza kugeuzwa, mkono ukiwa juu, ukiwa pembeni, kisha ukiwa chini. Ni mtihani mwingine na mkono mwingine. Tena cheti hicho hakidumu milele: chini ya kiwango hicho, kila baada ya miezi sita lazima ithibitishwe kwamba mwenye cheti ameendelea kuifanya kazi ile. Aliyekaa mwaka mzima bila kugusa mashine cheti chake kimelala.

Na juu ya yote, mkandarasi mkubwa hakuajiri kwa kusoma karatasi yako. Anakupa kipande cha bomba na vijiti vya kuchomelea, anakuonyesha banda, anasimama nyuma yako. Kipande kinakwenda kupimwa. Kikifeli, unarudi nyumbani na cheti chako kizuri. Sasa niambie, wiki moja ya darasani, na mashine moja kwa watu thelathini, inakuandaa vipi kusimama kwenye banda lile? Mchomeleaji wa mabomba huanza na miezi ya kuchomelea bati, kisha kona, kisha wima, kisha juu ya kichwa, anateketeza vijiti kwa makasha, ndipo anakabidhiwa bomba. Hakuna njia ya mkato na sijawahi kuona aliyeipata.

Hali ni hiyo hiyo kwa vyeti vingine vya "kimataifa" vya lugha, ugavi, usalama kazini na kompyuta. Vingine ni vya kweli na vina thamani kubwa. Jina la mji wa Ulaya kwenye karatasi si uthibitisho. Mwenye cheti cha nje cha ngazi ya ufundi hukipeleka NACTVET kilinganishwe na ngazi za hapa, kama ambavyo shahada za nje hupelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu. Muulize anayekuuzia kozi: wahitimu wako waliopeleka vyeti vyao kulinganishwa waliwekwa ngazi gani? Kama hajui ninachozungumza, umepata jibu.

Swali la kuanza nalo ni hili: kazi ninayoitaka, nani anashika mlango wake? Liulize kabla hujatafuta chuo chochote, kwa maana kila kazi ina mlinzi wake na mlinzi huyo ndiye anayejua karatasi anayoipokea. Wenzetu huchagua chuo kwanza, wanamaliza, ndipo wanagundua mlango.

Chukua umeme wa majumbani. Kijana anasoma, anapata cheti, anadhani amemaliza. Lakini kufunga umeme kisheria kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja yanayotofautiana kwa kiwango cha umeme unachoruhusiwa kushughulikia, kila daraja na sharti lake la elimu na uzoefu. Mteja anayetaka kuunganishwa na TANESCO anahitaji nyaya zilizofungwa na mkandarasi mwenye leseni. Fundi asiye nayo anabaki kuwa saidia fundi wa mwenye leseni, au anakuwa kishoka, na mwisho wa vishoka tunaujua: nyumba inaungua, fundi hapatikani. Kwa hiyo anayetaka umeme aende kwanza kwenye masharti ya EWURA, asome cheti kipi kinapokelewa kwa daraja analolilenga, ndipo atafute chuo kinachokitoa.

Udereva una walinzi wengi zaidi. Shule ya udereva iko chini ya jicho la polisi wa usalama barabarani, leseni inalipiwa TRA, na anayetaka kubeba abiria atatakiwa kuwa amepita mafunzo maalumu, yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, na VETA. Tena LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo inawatahini na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Anayejiandikisha shule ya mtaani kwa ndoto ya kuendesha basi la mikoani bila kuujua mlolongo huu atalipa mara mbili.

Anayetaka kuuza dawa kwenye duka la dawa muhimu, mlinzi wake ni Baraza la Famasi, na kozi isiyotambuliwa na baraza hilo haimpeleki kaunta hata ikidumu mwaka. Hili nalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu kozi za afya ndizo zinazowala sana mabinti wa vijijini. Wanavikwa sare nyeupe, wanafundishwa kupima presha, wanapelekwa kushinda kwenye zahanati ya mtu, na mwisho hawawezi kusajiliwa na baraza lolote la taaluma. Kwenye afya uliza usajili wa NACTVET na uliza pia baraza la taaluma yenyewe. Lazima pande zote mbili ziitike.

Uhasibu na ugavi: mlinzi ni bodi, NBAA kwa wahasibu na PSPTB kwa wanunuzi na wagavi. Bodi hutunga mitihani. Madarasa ya kujiandaa yanaendeshwa na watu wengine. Kwa hiyo chuo cha maandalizi hakikupi CPA hata kiwe na jengo la ghorofa kumi. Kipime kwa kitu kimoja tu, wanafunzi wake wanafaulu mitihani ya bodi au hawafaulu.

Kisha kuna kazi ambazo mlinzi wake ni mteja mwenyewe: ushonaji, upishi, useremala, kupaka rangi, kutengeneza nywele, ufundi simu, hata uchomeleaji wa mageti. Hapa cheti ni nyongeza nzuri, hasa kwa zabuni na ajira rasmi, lakini anayekulipa anatazama mshono. Kwa kazi hizi swali la usajili liko chini kabisa ya orodha, na swali la mikono liko juu. Mzazi anayemlazimisha mtoto achague chuo chenye fremu nyingi badala ya karakana ya fundi hodari anafanya biashara mbaya.

Mikono hupimwa karakana. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi, bila kupiga simu kabla. Usiridhike na ziara ya ofisi ya mkuu wa chuo na kitabu cha picha za mahafali. Omba kuingia kwenye karakana wanafunzi wakiwa ndani. Hesabu mashine zinazowaka, si zilizofunikwa turubai. Gawanya wanafunzi kwa mashine hizo. Tazama mikono yao: fundi magari wa mwaka wa pili ana weusi wa oili chini ya kucha, mchomeleaji ana alama za cheche kwenye mikono ya ovaroli. Tazama chini: karakana inayofanya kazi ina vipande vilivyokatwa, mabaki, vumbi la mbao, nyuzi. Karakana iliyofagiliwa ikang'aa saa nne asubuhi ya Jumanne haifundishi mtu. Chukua kipande kilichotupwa kwenye pipa ukiangalie. Kazi mbaya iliyotupwa ni ishara njema kuliko kabati la vioo lenye kazi tatu nzuri ambazo hakuna mwanafunzi anayejua alizitengeneza nani.

Uliza ada, halafu uliza vifaa. Hapa ndipo vyuo huficha. Ada ni ndogo, kisha inakuja michango: vijiti, mbao, vitambaa, unga, gesi, mitihani, kitambulisho, sare. Omba orodha yote kwa maandishi kabla ya shilingi ya kwanza, na ulipe kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, usitume kwenye namba ya simu ya mtu. Uliza nani anatafuta mahali pa mafunzo kazini. Chuo kinachosema "kila mwanafunzi atajitafutia" kinakwambia hakina mwajiri hata mmoja anayekiamini.

Kisha fanya lile ambalo karibu hakuna anayelifanya. Nenda kwa wanaoajiri. Ingia gereji tatu kubwa za mji wako, au hoteli tatu, au warsha tatu za useremala, umuulize msimamizi: vijana wako wazuri walisoma wapi? Atakutajia. Mara nyingine atataja chuo ambacho hujawahi kuona tangazo lake, kwa sababu hakihitaji kutangaza. Asubuhi moja ya kuzunguka hivi inazidi wiki mbili za kupekua mitandao.

Nafasi zenyewe zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, nitazipitia haraka. Orodha ya vyuo na fani zake iko NACTVET, kwenye tovuti yao na kwenye ofisi za kanda. Hapo ndipo swali la usajili linapojibiwa, dakika kumi, bila mimi. VETA ina vyuo mikoani na sasa inaingia wilayani. Ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa kutwa na Sh120,000 kwa bweni kwa mwaka, na kila chuo kina kozi fupi ambazo wengi hawazijui: nenda getini usome ubao. Vingine vina sifa za pekee: Kipawa kwa mambo ya kompyuta, Njiro ya Arusha kwa hoteli na utalii, Moshi kwa ufundi wa migodini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54, vilianza miaka ya 1970, viko vijijini hasa, vinapokea hata asiyemaliza sekondari, na vimewapa nafasi mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito, wakasoma na watoto wao wakiwa hapo hapo. Don Bosco wana vyuo Oysterbay, Dodoma na Iringa, nidhamu kali, karakana za kweli. SIDO, tangu 1973, ni mahali pa anayetaka usindikaji, sabuni, ngozi na biashara ndogo, na wanakusogeza pia kwenye masharti ya TBS.

Wizara za kisekta zina vyuo ambavyo watu wa mjini wanavisahau kabisa. Uvuvi: Mbegani na Nyegezi. Mifugo: kampasi za LITA, Tengeru na Mpwapwa zikiwamo. Nyuki: Tabora. Misitu: Olmotonyi. Mbao na viwanda vya misitu: Moshi. Ngozi: kampasi ya DIT Mwanza. Kukata na kung'arisha vito: kituo cha jemolojia Arusha. Hoteli kwa uanagenzi, nusu darasani nusu kazini: ulizia Chuo cha Taifa cha Utalii. Walioko Zanzibar waanze na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, maana mfumo wao unajitegemea. Walioko Kenya wakague chuo TVETA, na mitihani ya ufundi waulizie NITA.

Kwa fundi aliyekwisha kujifunzia mtaani miaka kumi, tafadhali usikae darasani na watoto kujifunza kushika nyundo. Kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unatathminiwa kwa vitendo, unafundishwa pale ulipopungua tu, unapewa cheti cha ngazi yako. Serikali imekuwa ikiwalipia wengi kupitia programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe, nenda na picha za kazi zako na barua ya fundi mkuu au serikali ya mtaa. Usimpe dalali hata shilingi. Anayekwambia atakuletea cheti bila kutathminiwa anakuuzia kesi ya kughushi.

Na kwa wewe uliyekwisha kulipa ndipo ukasoma haya: tunza risiti zote, tangazo uliloliona, na ujumbe ulioandikiana na chuo. Andika barua kwa mkuu wa chuo ukiomba jibu la maandishi kuhusu fani, ngazi na mtahini, ukae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lisipokuja, peleka vyote ofisi ya kanda ya NACTVET, na ukiwa na wenzako waliolipa nendeni pamoja. Sehemu uliyojifunza kweli ujuzi wake haupotei, ukipata chuo halisi omba upimwe usianze upya. Kwa ambao hamjalipa, masomo ya kozi ndefu za VETA huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, hivyo gereji na karakana za mji wenu zungukieni sasa, kabla ya kununua fomu yoyote.